Winchi na Unga wa Kuku

Kama yupo mtu aliyewahi kumwona Winchi akitwikwa gunia, ajitokeze aseme, nasi tutamwambia uso kwa uso kwamba ni mwongo. Pale kiwandani, wanakosaga na kuchanganya chakula cha mifugo, makuli wote hutwikwa. Wawili hushika gunia huku na huku, moja, mbili, hop, wanamtupia mwenzao begani, naye hutoka nalo mbio hadi kwenye lori. Ndivyo kazi ilivyo na hakuna aibu ndani yake. Winchi hakutaka hata kusikia habari hiyo. Yeye alichuchumaa, akalikumbatia gunia kama unavyomwinua mtoto aliyelala, akaguna mara moja, na ukiusikia mguno ule ujue gunia limeshafika begani. "Sitwikwi," alikuwa akisema, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Jina la Winchi, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, alipewa na makuli wenzake wakati bado ana nywele nyeusi. Nywele zilipogeuka rangi jina likabaki, naye akajiona ana deni la kulilinda. Meneja alimwita ofisini akamwambia kuna kiti kizuri pale getini, kazi ni kufungua na kufunga tu, na chai inaletwa. Winchi alikishukuru kiti, akasema apewe mtu aliyechoka, akarudi kwenye magunia. Tangu siku hiyo, kila meneja alipopita uani, Winchi alichagua gunia zito kuliko yote, na kama hakukuwa na la kubeba, alilihamisha lile lililokuwa limekaa zake kwa amani.

Lakini magunia hayakuwa shida yake. Mzigo wake mkubwa ulikuwa nyumbani.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka na maneno ya haraka zaidi. Asubuhi moja aliamka na upande wa kulia umekufa ganzi. Kiharusi kilichukua mkono, kikachukua mguu, kilipofika kwenye ulimi kikaogopa. Aliporudi kutoka hospitali, kitu cha kwanza alichomwambia mumewe ni kwamba shati lake limepigwa pasi vibaya. Winchi alilia kwa furaha.

Toka hapo akawa anambeba. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimtoa kitandani akampeleka bafuni, akamtoa bafuni akamweka kwenye kiti cha mbao chenye mikono, karibu na dirisha linalotazama barabara. Jirani alimwangalia mchana, na Winchi aliporudi alimbeba tena. Kule kliniki kulikuwa na mwalimu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole, aliyejaribu kumweleza kwamba mgonjwa asibebwe kama furushi. Aachwe akanyage kwa mguu mzima, asimame, ageuke, akae, na mwingine awe karibu tu asianguke. Winchi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Kisha akamwinua mkewe mbele ya kijana huyo huyo, akatoka naye nje kifua mbele, na wagonjwa wengine kwenye benchi wakapiga makofi. Mkewe naye, tuseme ukweli, alipunga mkono.

Binti yao mkubwa ndiye hakupiga makofi. Yeye alifanya kazi kwenye ofisi ya bima, akaishi ng'ambo ya pili ya mji, ghorofa ya tatu, na alikuwa na tabia ya kupanga mambo ya watu kabla hawajamaliza kuyasema. Alikuja akaketi, akasema mama ahamie kwake. Chumba kipo, msaidizi yupo, kila kitu kipo.

"Ghorofa ya tatu!" mama akasema. "Unipandishe juu kama pazia, nikae nitazame mabomba ya watu?"

"Mama, Baba anazeeka."

"Mimi nimezeeka kabla yake? Hapa ni kwangu. Hapa watu wananipita dirishani wananisalimu, wananiletea nguo niwaambie fundi wao kakosea wapi. Kwako nitakuwa nani? Mgeni asiyeondoka."

Wakavutana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwisho binti alitoa sharti lake, akalisema taratibu, kama watu wa bima wanavyosema mambo yao. Mama atabaki. Ila siku Baba atakaposhindwa kumnyanyua, siku hiyo hiyo anakuja na gari, na hataki kusikia la mtu.

"Siku hiyo haipo," Winchi akasema.

Na alivyosema hivyo, mkewe alimtazama kwa macho ambayo mwanamume akitazamwa nayo anaweza kuinua nyumba.

Basi siku ambayo haipo ikaanza kubisha hodi. Asubuhi moja alimwinua kutoka kitandani, katikati ya safari mikono ikatetemeka, akamtua nusu kwenye kiti, nusu nje. Ilibidi amsukume kwa goti. Mwanamke ambaye angeweza kuzungumza na sindano mpaka ikamjibu, alinyamaza, akatazama barabarani. Winchi aliogopa kuliko siku ya kiharusi chenyewe.

Kiwandani siku hiyo, alipojitwika gunia, rafiki yake waliyemwita Sukari akageuka.

"Winchi, umeguna mara mbili."

"Kohozi."

"Aa. Kohozi," Sukari akasema, akamwacha na uongo wake, maana ndiyo heshima ya marafiki.

Ni wakati huo ndipo Guani ilipoingia kiwandani. Kwa miaka mingi kuku wa nyama walikuwa wakitengenezewa chakula chenye unga wa samaki ndani yake. Unga ule ulinuka mpaka kwenye soksi, wauzaji waliuchanganya na mchanga, na wateja wakaanza kulalamika kwamba kuku wao ana ladha ya samaki. Kiwanda kikauacha, kikabaki na mahindi, soya na pumba. Sasa ukaletwa unga mwingine, mweupe, kwenye mifuko myeupe, wenye jina refu lililoandikwa ubavuni: asidi ya guanidinoasetiki. Makuli walilitazama jina lile kama mtu anayetazama mlima kabla ya kuupanda, wakalikata wakabaki na Guani.

Mtaalamu wa lishe wa kiwanda, mwanamke kijana waliyemwita Dada Lishe, alikuja kuwaonyesha namna ya kuumimina kwenye mashine ya kuchanganyia, kidogo sana katika tani nzima. Winchi ndiye aliyeuliza.

"Dada Lishe, hiki kitu kinawafanya nini kuku?"

"Ni malighafi, mzee wangu. Mwili wa kuku, kama wako tu, hukitengeneza kidogo wenyewe kwenye figo. Kisha ini linamalizia kazi, linakigeuza kuwa kreatini. Kreatini ni akiba ya nguvu za haraka ndani ya nyama. Msuli ukitaka kuinua kitu ghafla, unachota pale. Zamani kuku walikuwa wanaipata tayari kwenye unga wa samaki. Kwenye mahindi na soya haimo. Kwa hiyo tunawaongezea hii, miili yao imalizie. Wanakua vizuri, wanatoa kifua."

"Umesema kama wangu?"

"Kama wako."

"Na watu nao wanakula?"

"Wapo waliojaribiwa, wachache, chini ya uangalizi. Lakini hii hapa ni ya kuku, siyo ya..."

Mashine ikawashwa. Winchi hakusikia zilizobaki, na hata mashine isingewashwa asingesikia. Alikuwa ameshapata alichotaka: akiba ya nguvu, msuli, kuinua kitu ghafla, kama wako.

Wakati wa chakula cha mchana alimvuta Sukari nyuma ya magunia ya mahindi. Hapa ndipo lilipofanyika kosa ambalo hakuna daktari wala mganga angeweza kulifanya, bali watu wawili waliokula vumbi la chakula cha kuku maisha yao yote, wakiamini kwamba kila kiumbe kinaweza kukadiriwa kwa kipimo cha kuku.

"Sukari, nipigie hesabu. Mimi ni kuku wangapi?"

Sukari alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa makini, kama mnunuzi. "Kuku wa kuuzwa ana kilo mbili. Wewe una sabini na kitu. Wewe ni kuku thelathini na tano."

"Sawa. Kuku hao wanabeba magunia?"

"Thubutu! Wanakula, wanalala, wananenepa."

"Basi mimi niongeze."

"Lazima uongeze. Zidisha mara mbili."

"Na Mama Watoto je?"

"Naye anakula?"

"Hali. Namnyanyua."

Sukari akafikiri, akatafuna, akafikiri tena. "Hapo jumlisha na kilo zake. Mnakuwa mzigo mmoja."

Wakajumlisha. Wakaongeza na kidogo kwa ajili ya uzee, maana kuku hazeeki. Waliposimama kukung'uta makalio, dozi ilikuwa kijiko kikubwa cha mlima, asubuhi na jioni. Wote wawili waliridhika na sayansi yao.

Msianze kusema aliiba. Mfuko ukishamiminwa, pembeni hubaki vumbi, na aliyeumimina hupewa kazi ya kuukung'uta. Winchi aliikung'uta mifuko ile kwa bidii ambayo meneja aliisifia mbele ya watu. Kilichoanguka alikiweka kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga, akalipeleka nyumbani, akalificha nyuma ya ndoo ya maji. Alikoroga kwenye glasi, akaziba pua, akanywa.

Je, ulimsaidia? Sisi hatuwezi kuapa. Huenda ilikuwa Guani, huenda ilikuwa ukaidi, na kwa Winchi vitu hivyo viwili vilishachanganyika kama pumba na mahindi. Tunachojua ni kwamba baada ya wiki kadhaa mguno ulirudi kuwa mmoja. Alimtoa mkewe kitandani akamweka kitini kama zamani. Winchi akaanza kupiga mluzi. Akajitazama kwenye kioo cha bafuni, akakunja mkono, akaugusa. Akaanza kuvaa mashati ya mikono mifupi.

Hapo ndipo alipojiponza. Mwanamke unaweza kumficha ugonjwa, ukamficha hata kufukuzwa kazi, lakini usijaribu kumficha furaha.

"Ni nani?" mkewe akamuuliza jioni moja, kutoka kitini.

"Nani nani?"

"Usinifanye mtoto. Unapiga mluzi. Unajitazama kioo. Umevaa shati la mikono mifupi mzee mzima na baridi hii. Mimi nimepooza mguu, sijapooza macho. Niambie jina lake, nikuruhusu uende, halafu nikulaani vizuri ukiwa njiani."

Winchi akacheka. Alipoona chozi limemtoka mkewe, kicheko kikamkauka mdomoni. Akaenda nyuma ya ndoo, akaleta kopo, akaliweka mapajani mwake. Akamweleza yote: unga, figo, ini, kuku thelathini na tano, na za nyongeza.

Mkewe alilitazama kopo. Mabega yakaanza kumtikisika. Winchi alidhani analia, akainama, kumbe mama wa watu anacheka mpaka hewa imemwishia.

"Nimeolewa na jogoo!" akasema alipopata pumzi. "Jamani, nimeolewa na jogoo! Na mimi umenitia kwenye hesabu, mtetea wako?"

Akacheka tena. Kisha akafuta uso kwa mkono wake mzima.

"Umekula muda gani hiki kitu?"

"Kitambo."

"Keshokutwa ni siku yangu ya kliniki. Utakwenda nalo."

"Siendi na kopo la kuku kliniki."

"Basi nitalibeba mimi. Na wewe utanibeba mimi. Tutafika tu."

Daktari wa kliniki hakucheka, na kwa hilo Winchi alimheshimu. Alifungua kopo, akanusa, akauliza jina la unga, akasoma kwenye kompyuta yake kwa muda huku akikuna kidevu. Akatoa damu, akawaambia warudi wiki inayofuata. Waliporudi, alivuta kiti akakaa karibu nao.

"Nikwambie ukweli, mzee. Kitu hiki si upuuzi. Kwa binadamu kimejaribiwa, kwa watu wachache, na kreatini mwilini inapanda kweli. Lakini ini likikigeuza, linatumia vitu vingine vya mwili na kuacha taka kwenye damu. Inaitwa homosisteini. Ndiyo maana waliowajaribu watu waliwapa kwa kipimo, na wengine wakawapa na vitamini za kuizuia. Wewe umekula kijiko cha mlima, kipimo cha nyuma ya magunia. Taka yako iko juu sana."

"Inauma?"

"Haiumi. Hilo ndilo baya lake. Watu ambao iko juu, tunawaona zaidi wakija na mishipa iliyoziba. Ya moyo, na ya ubongo. Kama yenyewe ndiyo inayoziba au inakuwepo tu, mabingwa bado wanabishana. Mimi sitaki wewe uwe mfano wao."

Wakati anasema ubongo, hakumtazama mkewe Winchi. Lakini Winchi alimtazama. Aliuona mkono wa kulia umelala mapajani, vidole vimejikunja.

"Kuku wanakula kila siku," Winchi akasema, sauti yake ikiwa ndogo. "Hawana neno."

"Kuku wako anaishi muda gani?"

"Wiki sita. Saba, wateja wakichelewa."

"Yupo aliyewahi kuuliza moyo wake utakuwaje mwakani?"

Winchi alipewa vidonge vya vitamini, akaambiwa unga aache leo, na kama anataka kreatini ale nyama na samaki kama watu. Akaitikia ndiyo, ndiyo. Alimbeba mkewe hadi kwenye teksi, akambeba kutoka kwenye teksi hadi ndani, akamweka kitini, akaenda moja kwa moja nyuma ya ndoo.

"Unafanya nini?" mkewe akauliza.

"Sitaacha."

"Umemsikia daktari."

"Nimemsikia. Na binti yako nilimsikia. Nikiacha, nguvu zinaisha. Zikiisha, unapelekwa ghorofa ya tatu. Afadhali nife nikikubeba kuliko nikae hapa nikitazama kiti kitupu."

"Aa, kumbe," mkewe akasema. "Basi hunigusi tena."

Winchi alidhani ni utani. Asubuhi alikwenda kitandani, akapitisha mikono chini ya mgongo wake kama kawaida, na mkewe akamng'ata. Kweli, alimng'ata mkono, juu ya kiwiko, pale pale kwenye msuli mpya.

"Nimesema hunigusi! Sibebwi na jogoo anayejiua."

"Utakaa kitandani mpaka lini?"

"Mpaka umwage kopo."

Alikaa kitandani siku ile yote na iliyofuata. Jirani alimsaidia yale ya lazima, akageuza uso asionekane anacheka. Winchi alienda kazini na alama za meno, akarudi, wakapigana maneno mpaka kuta zikajua kila kitu.

"Unafikiri unanibeba mimi?" mkewe akasema. "Unabeba jina lako! Unataka watu wa kliniki wapige makofi. Na mimi mjinga nilipunga mkono, nikaona raha, nikaacha mguu wangu ulale usingizi kwa sababu mume wangu ni winchi. Yule kijana wa mazoezi alisema kitu, sote wawili tukamdharau. Sasa nisikilize. Ukianguka wewe, nani atabaki kunitetea? Ghorofa ya tatu nitapelekwa siku ya mazishi yako, na nguo nyeusi mwilini. Nakutaka ukiwa hai, mzee mwenzangu. Hata ukiwa huna nguvu za kuinua sufuria."

Winchi akakaa chini, sakafuni, karibu na kitanda. Alikuwa amebeba tani zisizo na idadi katika maisha yake, na hakuna hata moja iliyomwelemea kama maneno hayo. Alilia. Kisha akainuka, akachukua kopo.

Kesho yake alilirudisha kwa Dada Lishe mwenyewe, mkononi, na kumwambia kila kitu. Dada Lishe alimfokea mbele ya makuli wa lori zima, akamwita mzee asiye na akili, halafu akaenda nyuma ya ofisi akafuta macho. Kuanzia hapo, kabla ya kuwasha mashine, aliwakusanya makuli na kuwaambia kwa sauti kubwa kwamba wao si kuku, hata mmoja wao. Sukari aliinama akatafuta kitu kwenye kiatu chake.

Msidhani Winchi aliokoka akawa mpole. Magunia aliendelea kujitwika peke yake, akiguna mara mbili, mara tatu, na aliyethubutu kuhesabu aliangaliwa kwa jicho la pembe. Hilo hakulitubu. Alilotubu lilikuwa moja tu, nalo lilimshinda kuliko yote. Yule kijana wa mazoezi alipoanza kuja nyumbani, kazi aliyompa Winchi ilikuwa kukaa kwenye stuli na kukalia mikono yake. Ndiyo, akalie mikono, kwa sababu ikiachwa huru ilikuwa inaruka yenyewe kwenda kumshika.

Mkewe alishika mkono wa kiti, kilichosogezwa kando ya kitanda, kwa mkono wake wa kushoto, akasukuma kwa mguu wa kushoto, akainuka kidogo, akaporomoka kitandani. Akatukana. Akarudia. Alipata uvimbe kwenye paja, akapata mchubuko kwenye kiwiko, akaanguka mpaka sakafuni mara nyingine, na kila alipoanguka Winchi alitoa mguno ule wa gunia, akiwa amekaa. Baadhi ya siku alifanikiwa kukaa kitini. Siku nyingine hazikuwa na mafanikio yoyote, alibaki kitandani amemkasirikia kila mwenye miguu.

Habari haikai. Jirani alikutana na binti yao sokoni, na bila nia mbaya akasema siku hizi baba hambebi tena mama. Jumamosi asubuhi gari likasimama mlangoni. Binti aliingia na begi tupu mkononi, kubwa, la kutia nguo.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama."

"Marahaba. Begi la nini?"

"Mama, tulikubaliana. Nimesikia Baba hakunyanyui tena." Akamgeukia baba yake, na sauti ikampungua ukali. "Baba, ni kweli?"

Winchi alikuwa kwenye stuli yake. Angeweza kusema mengi. "Ni kweli," akasema.

"Basi hakuna ubishi."

"Weka begi chini," mama akasema kutoka kitandani. "Na wewe kaa hapo ulipo."

Akajivuta hadi ukingoni. Akaweka mguu wa kushoto sakafuni, akauvuta wa kulia kwa mkono mpaka ukakaa pembeni yake. Akashika mkono wa kiti. Akainuka. Alisimama kweli, urefu wake wote, ambao haukuwa mwingi, na uso wake ukaanza kufunguka. Ndipo goti likamgeuka. Akaanguka kwa makalio, kishindo, na kiti kikasogea.

Binti alipiga kelele. Winchi alishafika kabla kelele haijaisha, mikono imeshapita chini ya kwapa za mkewe.

"Msiniguse!"

Alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ndani ya nyumba ile. Binti akaganda. Winchi akaiondoa mikono yake, taratibu, akabaki ameinyoosha mbele yake haina kitu. Machozi yakamtoka waziwazi, mbele ya mwanawe, wala hakuyafuta. Mikono ilikuwa na nguvu za kutosha. Hilo ndilo lililomuuma. Ingemwinua sasa hivi, kwa mguno mmoja, na kila mtu angeridhika. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaigusa stuli, akakaa, akaikalia mikono yake.

Mama alipumua. Akajigeuza ubavu, akapata goti la kushoto chini yake. Akashika chuma cha kitanda, akavuta, akashindwa, akasonya. Binti alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mama akavuta tena. Nguo ikampanda, kitambaa cha kichwa kikamdondoka, jasho likamtiririka puani, na hakuna aliyethubutu hata kumwokotea kitambaa. Akapata makalio juu ya ukingo wa kitanda. Akapumzika hapo, macho ameyafumba. Kisha akanyoosha mkono kukitafuta kiti kilichosogea, akakivuta, akakishika, akasimama mara ya pili, akageuka kidogo kidogo kama mlango mzito, na akakaa.

Alikuwa anatweta, nywele zimesimama, mkono wa kulia umening'inia nje ya kiti. Akauokota kwa wa kushoto, akauweka mahali pake mapajani. Ndipo akamtazama binti yake.

"Haya," akasema. "Sema ulichokuja kusema."

Binti alitazama begi sakafuni, akamtazama baba yake aliyekuwa bado amekalia mikono.

"Mama, mimi nilisema siku Baba atakaposhindwa kukunyanyua..."

"Hajashindwa," mama akamjibu. "Nimemkataza."